Uso Wako Usiamuliwe na Mashine: Osha Filamu Yako Mwenyewe

Wacha niseme mapema ndio tusipotezeane wakati. Kama wewe ni kijana wa mtaa unayependa picha, kitu cha maana zaidi unachoweza kujifunza mwaka huu ni kuosha filamu yako mwenyewe, kejani, kipande kimoja kimoja. Simu mpya inaweza kungoja. Kozi ya yule jamaa wa Instagram pia inaweza kungoja.

Najua mshaanza kucheka. Filamu? Sai? Na unga umepanda? Tulieni, nitafika kwa bei. Kwanza tuelewane ni filamu gani naongelea.

Kuna ile filamu ya mkebe ambayo wazazi wetu walitumia, picha 36 kwenye mkanda mmoja. Sio hiyo. Naongelea filamu ya vipande: bapa, kama kadi ya mwaliko wa harusi. Saizi ya kawaida ni inchi 4 kwa 5, na kubwa yake ni 8 kwa 10. Unaweka kipande kimoja nyuma ya kamera, unapiga picha moja, basi. Ukitaka nyingine, unaweka kipande kingine. Kamera zenyewe ni zile kubwa za miguu mitatu, mpigaji amejifunika kitambaa kichwani kama mtu anayejifukiza.

Kwa nini nikusumbue na kitu polepole hivi? Kwa sababu kuna swali nimekuwa nikijiuliza na nataka na wewe ujiulize: picha yako ikitoka, nani ameamua uso wako uonekane vile unavyoonekana?

Usijibu haraka. Ukipiga selfie, simu inapiga fremu kadhaa kwa wakati mmoja, inaziunganisha, inalainisha ngozi, inapandisha mwanga mahali inafikiri ni uso, halafu inakupa jibu. Wewe umebonyeza tu. Hata kampuni zenyewe zinajua ngozi yetu ilikuwa imesahaulika. Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021, walikuja na kitu wanaita Real Tone, na kazi yake ilikuwa kufanya kamera ione ngozi nyeusi vizuri. 2021, manze. Simu zenye kamera zilikuwa zimekuwa mifukoni mwetu kwa miaka mingi.

Na hii haikuanza na simu. Miaka ya hamsini na kuendelea, Kodak walikuwa wakituma kwa studio za kuosha picha za rangi kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wao wa kwanza aliyepigwa picha hizo. Fundi alikuwa akirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke sawa. Ikitoka sawa, mashine iko sawa, picha za kila mtu zinapita hapo. Kila mtu, pamoja na babu yako akiwa na suti yake ya Krismasi. Ukiona albamu za zamani ambapo watu wetu wametoka macho na meno tu, usifikirie walikuwa wanakaa kwa giza.

Hili jambo lilinigusa moja kwa moja kupitia shosh yangu. Nilimpiga picha na filamu ya mkanda, nyeusi na nyeupe, amekaa nje ya nyumba yake na kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Nikapeleka studio moja mjini, sitaitaja. Picha zikarudi: kitambaa kizuri sana, na chini yake shimo jeusi. Jamaa wa kaunta akaniambia, “Huyo ni mweusi sana, filamu haishiki.” Alisema bila ubaya, kama mtu anayekuambia kutanyesha. Nikaenda na negativu dirishani, nikaiinua kwa mwanga. Uso wa shosh ulikuwa pale. Mikunjo ya kando ya macho, ile alama ya shavu, yote. Filamu ilikuwa imeshika kila kitu. Skana yao ndiyo iliyopima kitambaa cheupe, ikaamua hicho ndicho muhimu, ikatupa uso.

Hapo ndipo niliamua kazi ya kuosha siachii mtu tena.

Sasa, unaweza kuuliza kwa nini vipande, kwa nini nisioshe tu mikanda. Swali poa, na jibu lake ndilo moyo wa hii kitu.

Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha nyeusi na nyeupe: mwanga unaamua vivuli, dawa inaamua sehemu nyeupe. Maana yake ni hivi. Sehemu nyeusi za picha zinapata habari zake wakati unafungua lenzi. Kama mwanga haukutosha, hakuna dawa itakayoziokoa. Lakini sehemu nyeupe zinaendelea kukomaa kadiri filamu inavyokaa kwenye dawa. Kwa hivyo mtu mwenye ngozi nyeusi akiwa amevaa kitu cheupe, kanzu, gauni la harusi, shati la shule, dawa yake iko hivi: mpe mwanga mwingi kamerani ili uso uingie wote, halafu punguza muda wa kuosha ili ile nguo isiungue.

Kwenye mkanda wa picha 36 huwezi. Picha ya shosh mwenye kitambaa cheupe iko kwenye mkanda mmoja na picha ya mbuzi na picha ya matatu usiku. Zote zinaingia kwa dawa pamoja, zinatoka pamoja, dakika zilezile. Lakini kipande ni kipande. Huyu anakaa dakika saba, yule kumi, mwingine kumi na mbili. Ansel Adams, yule Mmarekani wa picha za milima, alifundisha mfumo mzima juu ya jambo hili. Yeye aliutumia sana kwa mawe na theluji. Mimi nasema unatufaa sisi hata zaidi, kwa sababu nyuso zetu na mashati yetu meupe ndio mtihani mgumu kabisa wa mwanga.

Haya, bei. Boksi la vipande 25 vya inchi 4 kwa 5, filamu mpya kama HP5 ya Uingereza, linapita dola 50, na hapo hujalipa usafiri na ushuru. Kwa kipande kimoja hiyo ni pesa ya lunch. Sikudanganyi, hiyo sio ya mtu kama mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili na ninaishi kwa kontenti.

Lakini kuna mlango wa nyuma, unaitwa filamu ya eksirei.

Kliniki nyingi zimehamia eksirei za dijitali, na filamu za zamani zimebaki store zikipitwa na tarehe. Boksi langu la kwanza lilitoka kwa kliniki ya aina hiyo, walikuwa wanalitupa. Boksi jipya likiwa na vipande 100, bei ya kimoja bado iko chini sana ya filamu ya kamera. Tafuta saizi ya inchi 8 kwa 10, ukikata unapata vipande vinne vya 4 kwa 5. Punguza milimita moja au mbili pembeni ndio viingie kwa kishikizo. Na tusielewane vibaya: nasema filamu ambayo haijatumika. Ile yenye mbavu za mtu ishaoshwa, na ni siri ya mgonjwa. Wachana nayo.

Filamu ya eksirei ina tabia zake. Haioni rangi nyekundu. Hii ina uzuri na ubaya. Uzuri ni kwamba unaweza kufanya kazi chini ya taa nyekundu, unaona unachofanya, ilhali filamu za kawaida zinataka giza totoro mpaka ziingie kwenye tangi lililofungwa. Ubaya ni kwamba ngozi yetu inarudisha mwanga mwekundu zaidi kuliko wa buluu, kwa hivyo kwenye filamu hii inatoka nyeusi kuliko ilivyo, na midomo pia. Suluhisho ndilo lilelile la juu: ongeza mwanga. Programu ya simu ya kupima mwanga ikikuambia nusu sekunde, pima usoni, halafu mpe sekunde nzima. Unaona? Tayari wewe ndiye unaamua.

Kamera? Hii ni sanduku lisilopitisha mwanga, mbele lenzi, nyuma filamu. Hakuna kingine ndani. Yangu ilipigwa msumari na fundi wa mbao, lenzi ya mtumba ya milimita 150, na kishikizo cha filamu nilinunua kikiwa kimetumika. Haina shata. Natoa kifuniko cha lenzi, nahesabu, narudisha. Kama hata lenzi huna, toboa tundu la sindano kwenye kipande cha mkebe wa soda, bandika mbele ya sanduku, itapiga. Utahitaji tu mtu mwenye subira, au jengo.

Sasa dawa, na hapa naomba usikilize vizuri, kwa sababu hii ndiyo sehemu iliyonifanya nicheke peke yangu jikoni.

Kuna dawa ya kuosha filamu inaitwa Caffenol. Ilianzia darasani kwenye chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, mwaka 1995. Ina vitu vitatu: kahawa ya kopo, vitamini C, na sodiamu kaboneti. Fomula moja inayotumika sana kwa lita moja ya maji ni gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C, na gramu 40 za kahawa. Kinachofanya kazi ndani ya kahawa ni asidi zake, wala sio kafeini. Na ile kahawa ya bei rahisi yenye robusta nyingi hufanya kazi vizuri kuliko ile ya mabwanyenye. Kwa mara moja maishani, umaskini una faida.

Na sodiamu kaboneti? Kumbuka kemia ya sekondari. Trona. Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado. Ulichora mchoro wa uchimbaji wake, ukakariri, ukaandika kwenye mtihani, ukasahau. Trona ndiyo ile magadi mama huweka kwenye githeri na mrenda. Ukiichoma, maji na kaboni dioksidi zinatoka, inabaki sodiamu kaboneti, soda ash. Imechimbwa hapo kwa zaidi ya miaka 100 na kuuzwa nje kutengeneza vioo na sabuni. Ya sokoni ina uchafu, so mimi hununua ile safi kwa maduka ya kemikali mjini. Lakini wazo ni lilelile: kahawa tunalima, magadi tunachimba, na bado tunaambiwa filamu ni mambo ya wazungu.

Niliacha chuo, sawa. Watu wa kwetu bado wanaongea. Lakini sodiamu kaboneti ilikuwa kitu cha mtihani kwangu mpaka siku niliyoona uso wa mtu ukitokea ndani yake. Nasema tu.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Bafu langu halina dirisha. Nafunga mlango, naziba chini na blanketi. Taa yangu nyekundu ni ya nyuma ya baiskeli, ya betri, kwa hivyo hata stima ikipotea kazi inaendelea. Kusema kweli stima ikipotea ndio poa zaidi, taa ya security ya jirani inazima. Lakini sio kila taa nyekundu ni salama. Ijaribu: weka sarafu juu ya kipande cha filamu, acha chini ya taa dakika tano, osha. Ukiona mviringo wa sarafu, hiyo taa inakuharibia. Isogeze mbali au tafuta nyingine.

Trei tatu. Ya kwanza ni dawa. Koroga soda kwanza mpaka iyeyuke, halafu vitamini C, halafu kahawa, halafu acha dakika chache mapovu yaishe. Joto nyuzi 20. Nairobi maji ya mfereji asubuhi hayako mbali na hapo. Kama uko Mombasa, weka trei ndani ya beseni la maji ya barafu, la sivyo filamu itaiva kabla hujapepesa macho. Trei ya pili ni maji tu. Ya tatu ni fiksa: sodiamu thiosulfeti, gramu 250 kwa lita, inapatikana maduka yaleyale ya kemikali. Kazi yake ni kuondoa fedha ambayo haikupata mwanga. John Herschel alipendekeza matumizi yake kwa picha mwaka 1839 na bado hatujaacha.

Unaingiza kipande taratibu, unatikisa trei polepole, kona moja baada ya nyingine. Filamu nyingi za eksirei zina dawa pande zote mbili na zinakwaruzika kwa kuangaliwa tu, kwa hivyo weka kioo laini chini ya trei, na kata kucha. Wengine hutumia mfuko wa ziplock badala ya trei, na inafanya kazi.

Dakika za kwanza hakuna kitu. Harufu peke yake, na inanuka vibaya, sitakuficha. Halafu kivuli. Kumbuka ni negativu: nguo nyeupe ndiyo inatokea kwanza, nyeusi tititi. Uso unakuja baadaye, polepole, kwa rangi ya kijivu. Hapa ndipo kuna uamuzi. Ukiona uso umeshika na nguo bado haijaziba, toa. Hakuna mashine inayokuamulia. Filamu yangu huchukua kati ya dakika 8 na 12, lakini naangalia uso, siangalii saa.

Maji. Fiksa: subiri mpaka ule ukungu wa maziwa uishe, halafu mara mbili ya muda huo. Baada ya hapo unaweza kuwasha taa. Kusuuza usimalize tangi la ploti: jaza chombo, tikisa mara 5, mwaga, jaza, mara 10, mwaga, jaza, mara 20, mwaga. Hiyo njia ni ya Ilford, na kwa mtaa wenye mgao wa maji inafaa sana. Mwisho tone la sabuni ya vyombo kwenye maji safi, anika na kibanio, mbali na vumbi.

Nilimpiga shosh tena hivi, kipande kimoja, kitambaa kilekile. Nikamwonyesha picha kwa simu: unaweka negativu juu ya skrini nyeupe ya tableti, unaipiga, unageuza rangi. Akaiangalia muda mrefu. Halafu akasema, “Kitambaa hakijapigwa pasi. Mbona hukuniambia?” Wasee, mikunjo ya kitambaa cheupe ilionekana, na uso ulionekana, kwenye picha moja. Alikuwa analalamika, na mimi nilikuwa nafurahi.

Kuna wenye watasema filta inaweza kufanya hivi kwa sekunde moja. Filta inaweza kuiga nukta na mikwaruzo ya filamu, kweli. Lakini filta imetengenezwa na mtu asiyemjua shosh wangu, na inamfanyia alichofanyia milioni wengine. Pia simu yangu ilishawahi kuporwa kwa stage, na picha zikaenda nayo. Priya Ramrakha, mpiga picha Mkenya aliyeuawa akiripoti vita vya Biafra mwaka 1968, negativu zake zilikaa miaka mingi ndani ya gereji hapa Nairobi, zikapatikana, na zinaonekana leo. Negativu haiombi password.

Wengine watasema ni hatari. Kidogo, ndiyo, kwa hivyo tumia akili. Vaa glavu, acha hewa ipite ukimaliza, vyombo vya dawa visirudi jikoni kamwe, na fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake, usiimwage kwa sinki wala shambani. Weka kwa mtungi wenye lebo, mbali na watoto, na uulize wanaokusanya fedha kutoka filamu za hospitali. Kwao hiyo ni mali.

Na kuna hoja moja nakubali: hii kitu haitakulipa rent. Ni polepole, na kuna siku utatoka bafuni na kipande kitupu na mikono inanuka kahawa mbovu. Lakini kwa nchi ambayo kila siku mtu anatuchorea vile tunakaa, kuanzia matangazo ya losheni mpaka kamera ya mbele ya simu, mimi naona mtu anayeweza kutengeneza picha ya mama yake kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kahawa na magadi, ana kitu ambacho hakinunuliwi.

So wikendi hii usianze na kamera. Anza na bafu. Ingia, funga mlango, zima taa, kaa dakika tano. Macho yakizoea utaona mwanga unapoingilia: chini ya mlango, kwa tundu la kitasa, kwa ile plagi ya heater. Ziba. Halafu tafuta rafiki mmoja mvumilivu, mwenye shati jeupe.